Gigabaiti Thelathini na Tano

Mimi ni mtu wa nyumba. Mke wangu anasema nikitoka mara mbili kwa juma, mbwa wa jirani wananibwekea kama mgeni. Kazi yangu naifanyia mezani nyumbani, mtaa wa Bel-Air: napiga karatasi za harusi, za misa na za kilio, kwa kompyuta yenye umri sawa na ndoa yetu. Siku moja nilitoka, na kidogo mtu afe. Aliyemwitia kifo ni mimi.

Diski ya mashine ilikuwa imeanza kugonga ndani kama mtu aliyefungiwa chooni. Nikabeba mashine hadi kwa fundi mwenye kibanda kando ya soko, katikati ya wauza unga. Alikuwa mwanaume wa rika langu, mwenye vidole vyepesi vilivyookota skrubu ndogo kuliko punje ya mchele bila yeye kuitazama. Watoto wake wanne walikula kwa vidole vile.

Akaitoa diski ya zamani, akaipima unene kwa rula ya shule. "Papa, yako iko na milimita saba. Ukamate iyi ya saba."

Pembeni palikuwa na nyingine ya milimita tisa na nusu. Meno ya kuchomekea yalikuwa yaleyale. Mimi nilimaliza sekondari, kwa hiyo nilijua kwamba kitu kinene njo kitu cha nguvu.

"Unipe ile yenye kunona."

"Haitaingia, Papa."

"Haujue mikono yangu."

Nikaisukuma kama mzazi anayemvalisha mtoto kiatu cha mwaka jana, goti langu nimeegemeza mezani, mpaka plastiki ikalia kraa.

"Bon," fundi akasema. "Umevunja nyumba sababu mugeni iko munene."

Nikakubali ile ya saba. Juu yake iliandikwa gigabaiti mia tano. Akaifunga ndani, akawasha mashine, na kwenye kioo nikasoma: mia nne sitini na tano.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Unga unapimwa kwa meka, kopo la bati. Hakuna anayenunua bila kuipindua na kusukuma kitako chake kwa kidole gumba, maana wako wanaokigonga kwa nyundo kiingie ndani, kopo lijae upesi. Na meka ikijaa, muuzaji anaongeza konzi moja juu, matabishi. Nimekulia ndani ya sheria hiyo. Siku ile nilinunua mia tano, matabishi hamna, tena nimekatwa thelathini na tano!

"Zile zingine ziko wapi?"

"Haziendake popote. Kiwanda inahesabu kwa elfu moja. Mashine inahesabu kwa elfu moja na makumi mbili na ine. Diski ni ile ile."

"Elfu ni elfu!"

"Hata ile yako ya zamani ilikuwa vile. Haukuangaliaka?"

Sikuwahi kuangalia. Kwa aibu ningenyamaza. Badala yake, mimi ambaye hata kanisani amina yangu haifiki benchi la mbele, nilisimama mlangoni nikapasua koo: "Muizi! Uyu anakata meka!"

Sikuhitaji kurudia. Mama wa unga wa kibanda cha kwanza alikuja na meka mkononi, akampiga nayo juu ya jicho. Bati juu ya mfupa lina sauti moja tu, na bado naisikia. Wanaume wakamvuta kwa shati juu ya meza yake, skrubu zikamwagika chini, damu ikafuata. Mawe yakaanza. Mmoja mwenye buti akapaza sauti: "Mukono! Mukono njo unaiba!" Akaruka juu ya mkono wa kuume. Vidole vikavunjika kama kuni kavu. Nyuma ya watu nikaona tairi linaviringishwa, na nikajua tairi lile ni la nini.

"Mumuache!" nikasema. "Nilikosea hesabu!"

Nani amsikie mtu wa nyumba? Kiwiko kikanichukua jino. Nikaangukia juu ya fundi, si kwa ushujaa. Kiwiko kile kiliniangusha, na yeye alikuwa pale chini. Chini yangu alikuwa anasema polepole, "Papa, uwaambie. Papa, uwaambie." Mateke yaliyokuwa yake yakawa yangu.

Mama wa unga akanivuta sikio. "Ngojeni! Ule wa kupiga kelele njo uyu. Papa, alikukata ao hakukukata?"

"Hakunikata, mama. Mimi njo sikujua kuhesabu."

Akanitazama. Kisha akanishushia meka utosini kwa nguvu zake zote. "Basi kamata matabishi yako."

Halafu akaenda akalikalia lile tairi, mwili mzima, akaanza kuwatukana waliobaki, mmoja mmoja, na ukoo wa kila mmoja. Hakuna aliyethubutu kumnyanyua.

Vidole viwili vya fundi viliunga vibaya. Skrubu hawezi kuzishika tena. Kwa hiyo kila asubuhi natoka, mbwa wananibwekea, nakaa kando yake nashika skrubu anazoniambia nishike. Naziangusha sana. "Nilivunjwa vidole viwili," anawaambia wateja, "nikapewa kumi vya bure."

Juzi mteja mmoja, mwanaume mpana, alinunua diski ya mia tano. Akasoma kioo. Akaomba diski itolewe, akaipindua, akasukuma kitako chake kwa kidole gumba.

Mkono mbovu wa fundi ukaingia wenyewe chini ya meza. Mimi nilikuwa nimeshaziba mlango, mikono nimetandaza.

"Ukae, ndugu," nikamwambia. "Nikuelezee elfu."