Mwezi Nyuma ya Meru

Nkasiogi alizaliwa mashariki ya Mlima Meru, akaolewa na Lemburis, Mwarusha wa upande wa magharibi. Alikuwa mtu wa kununa, na hakulificha hilo. Kwa kuwa mama mkwe hafiki kwa mkwewe, yeye na mama yake walipatana hivi: kila mwezi ukiandama, kesho yake wakutane sokoni, karibu na ukuta wa boma la Wajerumani.

Ukweni alifundishwa kuurushia mwezi mpya kijiti na kuuomba uzima. Asubuhi yake alibeba kibuyu cha maziwa hadi sokoni, akangoja mpaka wauza magadi wakafunga mizigo. Mama hakuja. Mwezi wa pili hakuja, wa tatu pia. Nkasiogi akasema basi, kumbe kuozwa ni kutupwa, akaacha kwenda.

Mwaka ulipita ndipo akaenda kwao kumwonyesha mama mjukuu. Ilikuwa jioni ya mwezi kuandama. Alitoka uani na kijiti mkononi, akatazama magharibi. Mlima ulikuwa umeziba anga yote.

“Unatafuta nini?” mama yake akamuuliza.

“Mwezi.”

“Leo umefichwa na mlima. Huku huonekana kesho, na keshokutwa ndiyo siku yangu ya kwenda sokoni na ndizi zako.”

Nkasiogi alikishusha kijiti.

“Bado unakwenda, mama?”

“Si tulipatana?” mama akasema, akaendelea kumenya ndizi.