Sotoka Tuliyoipitisha kwa Mbuzi

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mifugo, mzungu mkuu wa karantini ya Barabara ya Pugu, aliniuliza kama naogopa ng'ombe. Mimi Mnyamwezi nimekua nao, nikajibu siogopi.

"Basi ogopa mate yake," akasema, akanikabidhi ndoo ya dawa ya kuoshea miguu.

Karantini ni zizi la kuwazuilia ng'ombe waliotoka bara mpaka ijulikane kuwa hawana maradhi. Tuliyoiogopa zaidi ni sotoka. Ng'ombe hushikwa na homa, mdomo hujaa vidonda, huhara mpaka aanguke. Kirusi chake huwapata hata nyati na nguruwe pori, kisha hurudi zizini. Tiba haikuwepo. Ilikuwepo chanjo, na jinsi ilivyotengenezwa hunistaajabisha hadi leo. Wataalamu walikiingiza kirusi kwa mbuzi, wakakitoa kwa huyo wakakitia kwa mwingine, tena na tena. Kila mara kilibadilika kidogo, hata kikazoea mwili wa mbuzi na kupoteza ukali wake kwa ng'ombe. Sisi tulikipokea kikiwa unga wa bandama ya mbuzi, tukauchanganya na maji baridi na kuchoma sindano.

Miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, sotoka iliingia Buguruni. Bi Tatu, mjane wa Kizaramo, alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na wajukuu zake walikula kwa huyo. Aliposikia tunataka kumtia ng'ombe wake ugonjwa wa mbuzi, alisimama mlangoni mwa banda.

"We mpagazi! Babu zako walituletea mizigo, wewe watuletea maradhi kwenye chupa?"

"Nipishe, mke wangu. Nyie Wazaramo mnajua ng'ombe au mnajua ngoma?"

Bwana Mifugo akakunja uso. "Kwa nini unagombana na mama?"

"Hatugombani, Bwana. Makabila yetu ni watani."

Hakuelewa. Halafu Bi Tatu akaacha mzaha, akaniuliza polepole, "Akifa je?"

"Ataumwa kidogo, bibi. Hafi."

Nilisema nilivyofundishwa. Akanipisha.

Ng'ombe akapata homa, maziwa yakapungua. Kila asubuhi nilipita kumtazama, na Bi Tatu alinijibu salamu tu, bila neno la utani. Hapo niliogopa kweli, maana mtani akinyamaza amekasirika. Jirani yake, aliyewaficha ng'ombe wake porini tusiwachanje, alikuwa akiwazika.

Asubuhi moja, kabla sijafika, nikasikia sauti ya Bi Tatu toka uani: "We mpagazi mvivu, leo umelala? Njoo unywe maziwa, uone kama yananuka mbuzi!"

Nikacheka peke yangu njiani mpaka wapita njia wakanishangaa. Sotoka haikumgusa ng'ombe yule.

Nimestaafu sasa. Virusi vitaendelea kubadilika, na nyie vijana wa kazi hii mtavifuata kwa vyombo ambavyo sisi hatukuviota. Sina wasiwasi nanyi. Siku ya kuniaga, wakubwa walinisomea sifa nyingi, nikashukuru. Lakini katika utumishi wangu wote sijapata kusifiwa kama nilivyotukanwa asubuhi ile Buguruni.