Mrina Asali wa Harrow

Wiki iliyopita nilikuwa kwa daktari hapa Harrow, nimekaa jirani na mzee wa Kijerumani na mama wa Tabora anayemhudumia nyumbani. Mama alikuwa anaisoma barua ya mzee.

"Babu, hili jina la Zeidler lina maana?"

"Lina maana, ila nimebaki nalo peke yangu," mzee akajibu. "Kitabu cha simu cha London nimekipekua chote, nipo mimi tu. Na sina mtoto."

Akaeleza kwamba jina hilo ni kazi. Zamani kwao kulikuwa na watu waliokwea miti mirefu msituni kurina asali. Akainua mikono, akaanza kukwea mti usiokuwapo.

Mama akamdaka mkono. "Moshi kwanza, babu! Utaumwa!" Akapuliza mwenge usioonekana, akageuza uso pembeni, ndipo naye akakwea. "Hiyo ni kazi ya baba yangu. Hata mimi nimerina. Kaka zangu walinikataza weee, nikapanda hivyo hivyo."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe kwenu mmejaa akina Zeidler?"

"Kijiji kizima!"

Sote tuliojifanya kusoma magazeti tulikuwa tumeyashusha. Kila wiki safu hii hulalamikia mvua na treni, lakini leo sina la kulalamikia.

Mpokezi akachungulia dirishani mwake, akaita, "Zeidler?"

Wakasimama wawili.