Aliyecheka Kabla Yangu

Kitu cha kwanza nilichokichukia kwake ni kicheko. Alicheka kabla yangu. Nilikuwa sijafungua mdomo, kwenye televisheni mzee mwenye ndevu nyeupe alikuwa bado ananong'ona ndani ya chombo chake cha angani, na kule nyuma, karibu na bidoni zake, madumu ya maziwa, msichana mmoja akacheka peke yake. Watu wakageuka. Nami nikageuka, mikro, kipaza sauti changu, mkononi. Katika nyumba ya video ya baba mkubwa, hakuna aliyecheka kabla sijampa sababu.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa na nyumba hiyo pale mjini Baraka, kando ya ziwa, karibu na soko. Kuta za udongo, paa la hema, mabenchi, televisheni moja, na grupe, yaani jenereta, lililokuwa likikohoa moshi uani. Vita vilitukimbiza ng'ambo ya ziwa hadi Kigoma na kuturudisha, vikatukimbiza tena, lakini kila kulipotulia kidogo yeye alifungua mlango. Kaseti zilifika kwa mashua kupitia Kazimia, pamoja na sabuni na chumvi, na karibu zote zilisema Kiingereza. Nani Baraka alijua Kiingereza? Mimi nilikuwa na Kifaransa cha masista, nilichokipata kabla shule haijafungwa, na nilikuwa na mdomo. Basi nikawa mfasiri.

Nilifasiri kwa macho. Mtu akikunja uso nilimpa hasira, akishika mkono wa mwanamke nilimpa mahari ya kujadili. Jemadari wa sayari nyekundu nilimfanya mkubwa wa barieri, kile kizuizi cha njiani, anawaomba viumbe wa macho matatu pesa ya sigara kabla ya kuwainulia kamba, na ukumbi mzima ulicheka mpaka machozi. Bamama wa soko walikuja kwa sauti yangu, si kwa picha. Mnasema ni uongo? Sawa, lakini ni uongo uliopikwa ukaiva.

Filamu za nyota ndizo tulizozipenda kuliko zote, na sababu yake haikuwa siri. Ukimtukana askari wa filamu ya kawaida, askari aliyekaa benchi la mbele atakuuliza unamsema nani. Lakini askari wa nyota nyingine? Huyo unamtukana mpaka unashiba. Tulisema habari za vita vyetu pale, mchana kweupe, na hakuna aliyetushika.

Tena tulikuwa na desturi. Kabla ya mwisho wa filamu baba mkubwa alizima grupe, eti lipumzike, na barza ikaanza. Watu walihukumu. Nani ana kosa? Afanywe nini? Waliokubali waliinua mikono, kisha waliokataa, na baba mkubwa akatangaza hukumu kwa sauti ya jaji. Ndipo grupe lilipowashwa tena, tuone kama filamu imetutii. Wengi wetu hatukuwahi kupiga kura ya kitu kingine chochote maishani.

Filamu ya siku ile tulikuwa tumeiona mara nyingi. Chombo kimesafiri angani muda mrefu hata watoto wamezaliwa humo. Kuna wanaokaa chini na wanaokaa juu, na walikwisha kupigana. Bustani inayowalisha wote inaungua. Mzee wa ndevu anaitisha mkutano, watu wanainua mikono, na wale wa juu wanatolewa nje ya mlango, kwenye giza lisilo na hewa. Mimi niliifasiri hivi: mzee ni baba mwema, wa juu ndio waliochoma, haki imetendeka. Watu walipiga makofi kila mara. Nilijua watazamaji wangu, na milima ya wale tuliopigana nao iko juu yetu pale, haihitaji kuonyeshwa kwa kidole.

Sasa huyu, aliyecheka, alikuwa wa milimani. Alitoka Bibokoboko na mama yake, wakishuka siku za soko kuuza maziwa pale njia ilipokuwa imetulia. Alikuwa amesoma Kenya kwa shangazi yake.

“We mutoto, unacheka nini?” baba mkubwa alimuuliza.

“Unisamehe, papa. Ile muzee hasemi vile yaya iko anasema.”

Yaya! Eti mimi dada yake mkubwa, na tulikuwa rika moja kabisa.

“Sasa anasema namna gani?”

Akaniangalia kwanza, kama anayeomba njia. “Anasema ni yeye alichoma bustani. Siku ya kuchagua chefu mupya ilikuwa imefika. Anasema, kama vita haiyaisha, hatutachagua.”

Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akasema polepole, “Ee Mungu, ule tunamujua.” Baba mkubwa akanipokonya mikro, mimi, mtoto wa ndugu yake, akampa muuza maziwa.

Hakuigiza sauti hata moja. Alisema taratibu, kama anayesoma Biblia kwa mgonjwa. Tukaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini wale watu kwenye mkutano wanainua mikono huku wanaangalia sakafu: mlangoni kuna askari. Mimi nilikuwa nimewaona askari hao kila mara, nikadhani ni mapambo. Grupe lilipozimwa, barza ilikuwa kali kuliko zote. “Kura ya uongo!” walipiga kelele. “Kura ya bunduki si kura!” Mikono yote ikamhukumu mzee wa ndevu. Na filamu yenyewe, ambayo nilidhani naijua, ilikuwa inatusema sisi tangu mwanzo, na si mimi niliyewapa maana hiyo. Niliumia. Nilitamani kaseti iliwe na mashine.

Tangu siku ile nilikuwa mtu wa pili. Bamama walimwekea kiti, mimi changu nilibeba mwenyewe. Walimuuliza kama jaji wa chuma katika filamu fulani alikuwa na haki ya kumfunga mwanawe, na yeye akawajibu kwa utaratibu wake ule ule wa kuudhi. Nilikaa mbele kumtafutia makosa, na sikupata, maana ningeyajuaje? Nilimwombea mafua. Mama yangu alinicheka wazi: “Jaluzi, ile wivu yako, itakukausha sawa ndagala kwa jua.” Nikamjibu kwamba ndagala mkavu angalau anauzika.

Halafu ikaja ile wiki mbaya. Habari zilishuka kwamba huko juu nyumba zimechomwa, na za huku chini nazo zimechomwa, na kila mtu alikuwa na hesabu yake ya nani alianza. Yeye alishuka vilevile na mama yake, kwa kuwa maziwa hayangoji. Alishika mikro, akafasiri. Baba mkubwa alizima grupe mahali pale pale pa siku zote. Fundi cherehani mmoja, mtu wa kila siku, aliyenishonea sare ya shule, akasimama.

“Leo tuache filamu,” alisema. “Tuhukumu hii ya kweli. Uyu mutoto ya kule juu atoke Baraka, sasa hivi.”

Nje, njiani, vijana walikuwa wamesimama na mapanga, na kila aliyekuwa ndani alijua. Kutoka maana yake ilikuwa hiyo. Mlangoni aliegemea mwenye bunduki mmoja, wa wale waliotulinda au waliotula, kulingana na siku. Baba mkubwa alilamba midomo. Desturi ni desturi.

“Bale banasema atoke,” akasema, “banyanyue mikono.”

Mikono ilianza kupanda. Si kwa haraka. Wengi waliangalia sakafu. Muuza ndagala aliinua wake nusu. Msichana alisimama mbele yao, mikro bado mdomoni, kama anangoja mtu azungumze ili amfasirie.

Nikainuka, nikachukua mikro mkononi mwake. Walidhani nimekuja kuchukua changu. Na wallahi, uzito wake ulikuwa mtamu kiganjani.

“Mushushe mikono!” nikasema. “Nani alibapa ruhusa? Mi ndiye niko na haki ya kumuchukia uyu mutoto, mbele ya ninyi bote! Alinikamatia mikro. Alinikamatia bamama ba soko. Mpaka kiti alikamata! Mi niko na wivu naye, munasikia? Naumia usiku na muchana. Na wivu yangu iko na sababu: ananishinda. Ninyi, alikamata kitu yenu gani? Maziwa yake ilibaumiza tumbo?”

Mtu mmoja akaguna. Sikuweza tena kunyamaza, ulimi ulikuwa umeshika mteremko.

“Mukimutoa leo, mi nitamushinda namna gani? Nitashinda muntu hayuko? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Na tena, mumesahau? Ule muzee wa ndevu alihesabu mikono, bunduki iko kwa mulango. Nani alisema kura ya bunduki si kura? Ni mimi? Ni ninyi!”

Hapo watu wote, bila kuambiwa, wakageuka kumwangalia yule wa mlangoni. Naye akaiangalia bunduki yake. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, akasema, “Uyu mwanamuke wa wivu ni hatari,” akatoka kusimama uani karibu na grupe. Muuza ndagala akashusha mkono. Mingine ikafuata. Wa fundi cherehani ulibaki juu peke yake kwa muda, halafu akajifanya anajikuna kichwa.

“Hukumu,” baba mkubwa akatangaza. “Filamu iendelee.”

Filamu iliendelea bila mfasiri. Bamama walimzunguka yeye na mama yake, kanga na vitenge pande zote, wakawapitisha mbele ya wale vijana wakiimba wimbo wa kanisani, hadi njia inapoanza kupanda. Nilikwenda nao. Sikuimba, nilikuwa bado na hasira.

Pale mlimani aligeuka. “Yaya,” akasema, “ule mukubwa wako wa barieri alikuwa muzuri kupita wa filamu. Mi sijue kuchekesha bantu.”

“Enda zako!” nikamwambia. Hata katika adabu alinishinda.

Hakushuka tena. Njia ilifungwa, kisha sisi wenyewe tukakimbia tena ng'ambo, tukarudi, tukakuta kuta bila hema. Baba mkubwa alijenga upya, nami nikashika mikro yangu. Lakini filamu ile ya chombo, kila ilipowekwa, nililazimika kusema maneno yake yeye, kwa kuwa hawakukubali mengine. Na bado haikutosha. “Haiko vile,” muuza ndagala alikuwa akiniita toka nyuma. “Ule mutoto alisema polepole.” Nikasema polepole, huku nakereka.

Kuna wanaosema alifika Minembwe, kule juu milimani. Wengine wanasema alirudi Kenya, ana watoto. Na kuna wanaoshusha sauti, wanaanza, “Ule marehemu wa maziwa...” Hao siwaachi wamalize. Nawakatiza, nawaambia washike adabu, marehemu haonewi wivu na mimi bado ninao, mzima kabisa, unaniwasha hata sasa ninapoandika. Akishuka kesho na bidoni zake, mikro simpi. Aje aichukue.