Kibuyu cha Senge na Mtungi wa Mama

Kijiti cha mti wa senetwet kikichomwa hutoa moshi mtamu na mchungu kwa pamoja, moshi unaokaa kwenye sweta hata ukishaifua. Kila jirani yangu hapa Eldoret anapokifukiza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, harufu hiyo hupenya dirishani na mabega yangu hupanda yenyewe. Wengine wakiinusa hukumbuka nyumbani wakatabasamu. Mimi hunyoosha vitu. Nanyoosha kijiko, kikombe, kifuniko cha chupa ya chai, halafu natazama mlango nijue ni nani anakuja kukasirika.

Nawaeleza haya kwa sababu mmeniuliza picha zangu hutoka wapi. Napiga picha za vitu vilivyotulia: sufuria, matunda, viatu vya mtu asiyekuwepo. Sikusomea. Nilijifundisha kwa simu yenye kioo kilichopasuka na mwanga wa dirisha la chumba cha kupanga, na hadi leo naweza kusogeza ndimu moja asubuhi nzima, nikiamini kwamba ikikaa vibaya kuna mtu ataumia. Juzi mwenye mkahawa mmoja mjini alizitazama picha nilizompigia, akakuna kichwa.

"Wewe, mbona hizi vikombe zinakaa ni kama zimekosana?"

Nilicheka naye. Sikumwambia kwamba ameona sawasawa.

Nililelewa Kiplombe, katika nyumba ya babu, na wanawake wawili waliochukiana. Mmoja ni mama, fundi wa nguo aliyetoka upande wa ziwa. Wa pili ni senge, dada mkubwa wa baba, aliyerudi kwao ndoa yake ilipovunjika akaapa kwamba hatoki tena. Baba aliendesha lori la Malaba. Alikuja, akalala, akaondoka, na nadhani aliipenda kazi ile kwa sababu lori haligombi.

Mama na senge hawakusemezana. Walisimama jikoni bega kwa bega na kunitumia mimi.

"Chebet, mwambie mama yako sukuma yake iko na mchanga."

"Chebet, mwambie senge yako asiyetaka asile."

Kila mmoja alikuwa ameshasikia, lakini ilinibidi niurudie ujumbe, la sivyo senge angeniuliza kama mama amenikata ulimi.

Vita vyenyewe vilipiganwa kwa vyombo. Senge alikuwa na kibuyu cha mursik alichoachiwa na nyanya, cheusi kwa mafuta na moshi, kimezungushiwa shanga shingoni. Mama alikuwa na mtungi wa maji wa udongo aliokuja nao kutoka kwao. Vyote viwili vilikuwa na matako ya mviringo. Mtungi ulikalia kata, ule mduara wa kitambaa ambao wanawake hujitwishia mizigo, na mama aliisokota kata yake kwa kipande cha leso ya manjano. Kibuyu kiliegemezwa ukutani. Sasa, nyumba ile ilikuwa na kona moja tu ya baridi, chini ya dirisha la sebuleni. Asubuhi nilikuwa nikikuta kibuyu pale na mtungi umetupwa mlangoni, juani. Nikirudi kutoka shule, mtungi umerudi na kibuyu kimegeuziwa ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Mama akitandika vitambaa vyake kwenye makochi, senge alivigeuza vyote, upande wa mafundo ukakaa juu. Nilijua kusoma chumba kabla sijajua kusoma kitabu. Niliingia, nikatazama vitu, nikajua nani ameshinda leo na nani atanifinya.

Kisha senge akaita wazee wa ukoo. Nilimsikia akimwambia baba kwenye simu kile alichotaka: mama arudishwe kwao, mimi nibaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo.

Siku ya kikao wanawake wote wawili walikuwa nje wakipika, kila mmoja kwenye jiko lake, na mimi nikaachiwa sebule niifagie. Nilifagia, halafu nikapanga meza. Akili yangu iliniambia kwamba vitu vikikaa vizuri, watu nao watakaa vizuri. Niliweka mtungi katikati, juu ya kata yake. Kibuyu kilikataa kusimama, kwa hiyo nikakiegemeza kwenye bega la mtungi. Nikavuta pazia nusu, mwanga ukaingia kwa ubavu, shanga zikawaka na udongo ukawa mwekundu. Nilirudi nyuma, nikafumba jicho moja, nikasogeza kikombe. Ilikuwa picha yangu ya kwanza, na kamera sikuwa nayo.

Wazee wakaingia na baba. Mzee mmoja akavua kofia, akaitazama meza. "Nani amepanga hii meza? Imependeza."

Senge alikuwa ameingia na sahani. Alisimama ghafla.

"Wazee, mmejionea wenyewe," alisema. "Kibuyu cha mama yangu kinaegemea mtungi wake. Eti bila yeye hii nyumba inaanguka."

"Mimi?" Mama alikuwa mlangoni. "Si ni wewe umekileta kinisukume? Ona vile kimelalia mtungi wangu."

"Mwongo wewe!"

"Mwongo ni wewe na hicho kibuyu chako kinachonuka!"

Nilishtuka. Walikuwa wanaongea. Ana kwa ana, bila mimi.

"Ni mimi nilipanga," nilisema. Hakuna aliyegeuka. Nikarudia kwa sauti zaidi. Ni kama nilikuwa kijiko tu pale mezani.

"Basi kisimame chenyewe tuone," mama alisema, akaunyakua mtungi. Kibuyu kikaanguka, kifuniko kikaruka, na mursik ya rangi ya majivu ikatambaa mezani hadi kwenye viatu vya mzee, aliyeinua miguu yote miwili kwa pamoja bila kuacha heshima yake. Baba alitazama dari.

"Hawa hawawezi kukaa boma moja," mzee alisema hatimaye.

Kabla hawajafika kwenye suala langu, mama alikuwa amemwaga maji ya mtungi kizingitini na kunishika mkono. Tulitoka hivyo, mtungi kiunoni, mimi nikikimbia kando yake. Baba hakutufuata.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kama ningekiegemeza kibuyu upande wa pili, tungebaki. Ndiyo maana nasumbua ndimu. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba meza ilikuwa moja na matusi waliyoyaona juu yake yalikuwa mawili. Waliyaleta wenyewe kutoka jikoni. Wangeyaona hata kwenye meza tupu.

Mwaka huu nilihitaji kibuyu cha zamani kwa ajili ya picha. Vya sokoni vinang'aa kama viatu vya harusi. Nikaenda Kiplombe.

"Umekuja kuona kama nimekufa?" senge aliuliza.

"Nimekuja kuomba kibuyu, senge. Nikipige picha."

"Watu siku hizi wanapiga chakula picha badala ya kula." Akaonyesha kona kwa kidevu.

Kibuyu kilikuwa chini ya dirisha, kimesimama wima. Kilikalia kata. Manjano yake yalikuwa yamefifia hadi rangi ya chai, lakini niliijua ile leso.

"Unaangalia nini?" alifoka. "Iliachwa mezani. Na kibuyu haisimami yenyewe. Piga uende."

Nilipiga palepale. Sikusogeza kitu.

Jioni nilimwonyesha mama picha ile dukani kwake. Aliikuza kwa vidole, akakipita kibuyu, akashuka chini.

"Hiyo si kata yangu? Mwizi yule."

"Nikuletee?"

Alinirudishia simu, akaweka mguu kwenye cherehani.

"Wacha," alisema. "Sasa kibuyu chake kitakalia nini?"