Mti wa Baba, Ua la Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kila jioni nilikuwa nikipima kivuli kwa nyayo zangu. Tulikaa Murusagamba, upande wa mpaka wa Burundi, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba yangu, katekista wa kigango chetu, aliijenga kidogo kidogo kwa miaka minne. Ilipoezekwa bati, mimi nikiwa na miaka sita, uwanja wa mbele ulibaki mtupu, vumbi jekundu hadi kwenye migomba, na hapo wazazi wangu wakaanza kubishana wapande nini.

Baba alitaka mti wa kivuli. Alisema jumuiya ikija kusali watu wanakaa juani kama maharage ya kuanika. Alikuwa ameshauchagua, ule ambao kwa Kihangaza tunauita umuvumu, wenye majani mazito na utomvu mweupe. Unachomeka tawi lake ardhini, linachipua. Mama alitaka maua. Mti utachukua miaka, alisema, mizizi itaingia chini ya msingi, na majani yakianguka atayafagia nani? Maua yangechanua kabla ya mwaka kwisha, na mtu akipita njiani angejua kwamba nyumba hii ina mwanamke.

"Kivuli cha maua kinamtosha kuku," baba alisema.

"Na cha mti wako kitawatosha wageni, mimi nikiwa jikoni kwenye moshi," mama akajibu.

Mwishowe vikapandwa vyote viwili. Tawi la umuvumu lilisimamishwa mbele ya mlango, hatua kama kumi na tano. Chini ya dirisha mama akapanda kipande cha bogonvilia, yale maua yanayofanana na karatasi, alichopewa na rafiki yake Mama Minza.

Mama Minza alikuwa Msukuma. Yeye na mumewe walikuja na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, wakapewa eneo bondeni, ng'ambo ya kijito. Lugha ya mama ilikuwa Kihangaza, ya mwenzake Kisukuma, hivyo walizungumza Kiswahili cha shuleni, kila mmoja akimcheka mwenzake anapokosea. Sijawahi kumsikia mama akicheka vile na mtu mwingine.

Bibi, mama mzazi wa baba, alikaa nasi, na hakupenda hata kimoja kati ya vile vilivyopandwa. Ua alilitazama kwa jicho la pembeni. "Amekupa bure?" alimwuliza mama. "Mtu hakupi bure kitu cha kuotesha chini ya dirisha lako." Kuhusu mti hakumwambia baba neno. Aliniambia mimi, miaka mitatu baadaye, mti ukiwa umepita kimo cha mlango, siku tuliyokaa wawili tukipukuchua maharage.

"Mti kama huo haupandwi mbele ya nyumba," alisema. "Siku kivuli chake kikigusa kizingiti, aliyeupanda anaondoka."

"Anakwenda wapi, bibi?"

"Alikokwenda babu yako."

Akaendelea kupukuchua. Nadhani alisahau palepale kwamba amesema. Mimi sikusahau. Tangu siku ile sikuuamini tena mti ule. Mchana kivuli chake kilijikunja chini ya shina, kimetulia. Lakini nyumba yetu ilitazama magharibi, na jua lilipoanza kuzama nyuma ya vilima vya Burundi, kivuli kilinyooka na kuja kwetu. Nilikipima kwa nyayo: zilibaki kumi na mbili kufika kizingitini, halafu tisa, halafu tano. Kiangazi hichohicho baba alianza kukohoa. Leo najua kwamba alikuwa akichoma matofali ya kigango na kushinda kwenye moshi wa tanuru. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba kikohozi na kivuli vinakuja pamoja.

Jioni moja baba alikuwa ameketi mlangoni akivua viatu, na kivuli kikapanda juu ya miguu yake. Akakohoa. Nikaingia ndani nikajifunika shuka, nikalia bila sauti.

Minza, binti wa Mama Minza, tulikuwa darasa moja, na nilizoea kwenda kwao kucheza. Nyuma ya jiko lao kulikuwa na debe la chumvi ya ng'ombe, ile ya mabonge ya kijivu. Nilikuwa nimeona kwamba pale inapomwagika majani yanakufa. Basi nikaanza kuiba, bonge moja au mawili kila nilipokwenda, nimefunga kwenye pindo la sketi. Kazi ya kumwagilia ua la mama ilikuwa yangu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona na kopo. Maji matamu nililipa ua, na ya chumvi niliupa mti. Nilifanya hivyo kwa wiki kadhaa, na sikuona dhambi. Niliona ninamwokoa baba.

Majani yakageuka rangi ya tumbaku, yakapukutika. Baba alidhani ni mchwa. Akachukua jembe, akachimba shinani, na kwenye udongo akaokota bonge ambalo halikuwa limeyeyuka. Alilifuta, akaligusisha ulimi.

"Chumvi ya ng'ombe," alisema.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yake. "Na kilima hiki chote, mwenye ng'ombe ni nani?"

"Mama, tusianze," baba alisema. Lakini niliuona uso wake, na tayari ulikuwa umeanza.

"Mama Minza afanye hivyo ili apate nini?" mama aliuliza.

"Ua lake liishi," bibi akajibu, "na mumeo afe. Mti aliopanda mtu ukikaushwa na mkono wa mwingine, aliyeupanda naye anakauka."

Nilikuwa nimesimama karibu na mtungi wa maji. Nakumbuka nilishika ukingo wake kwa mikono miwili. Bibi alikuwa amenieleza nusu tu. Ukiachwa unaua, ukikaushwa unaua, na aliyeukausha ni mimi. Kuanzia pale sikunyamaza kwa ujanja. Nilinyamaza kwa sababu niliamini nimemwua baba yangu, na nilisubiri tu siku yake.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kitongoji aliwaita watu uwanjani petu. Mama Minza alikuja peke yake, amejifunga kanga vizuri kama anayekwenda kanisani, ingawa hakuwa mtu wa kanisa. Mwenyekiti akamwonyesha lile bonge.

"Chumvi hii ni yangu," alisema. "Naijua. Lakini mimi sikuimwaga."

"Nani basi?"

Aliwatazama watu taratibu, mmoja baada ya mwingine. Macho yake yakanifikia, nimekaa miguuni kwa mama, na yakatulia juu yangu kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Kisha akayainamisha.

"Sijui," alisema.

Hakuna aliyewaambia wahame. Watu waliacha tu kununua maziwa yao. Njia yao ya kwenda kijitoni ikazibwa kwa miiba, na darasani Minza akabaki kwenye dawati peke yake, hata mimi nikahama. Baba, aliyetufundisha kila wiki kumpenda jirani, alianza kupita njia nyingine. Kabla ya mvua walikusanya ng'ombe wakaondoka. Siku ya pili yake mama aling'oa bogonvilia. Bibi alimpa jembe, hakulipokea. Aliing'oa kwa mikono mitupu, ile miiba yote, kisha akaenda kunawa damu nyuma ya nyumba. Sikumsikia tena akibishana na baba kuhusu uwanja ule.

Tanuru lilipozimwa, kikohozi kikaisha. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Bibi alisema mchawi wa Kisukuma akikimbia, nguvu zake zinakwenda naye.

Mimi nikawa muuguzi, nikapangiwa Biharamulo. Mwaka mmoja tulikwenda kijiji cha Bisibo kwa kazi ya chanjo, na kwenye foleni alikuwepo mwanamke mzee amembeba mjukuu. Alikuwa Mama Minza; nilimtambua kabla hajaniona. Nikamwomba mwenzangu amchome yule mtoto. Tulipomaliza kazi nilimfuata hadi kwake.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Odilia wa Murusagamba, mtoto wa katekista."

"Marahaba. Najua." Akanipa kigoda.

Nikamwambia yote, kivuli, kikohozi, debe la chumvi. Alisikiliza akimpangusa mtoto makamasi.

"Nilijua," alisema nilipomaliza. "Chumvi ilikuwa inapungua kila ukija. Nilidhani unalamba, watoto hulamba. Nilipoliona lile bonge mkononi mwa mwenyekiti nikaelewa ilikokuwa ikienda."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ni mtoto wa katekista? Wangesema namsingizia mtoto. Na kama wangeniamini, ungepigwa mpaka uvunjike. Sisi tungeondoka tu. Kama si kwa mti, kwa ndama wa mtu, kwa mvua iliyochelewa." Akamweka mtoto vizuri mapajani. "Mama yako alilifanya nini lile ua?"

Nilitamani kudanganya. "Aliling'oa."

Akaitikia kwa kichwa, akageukia upande wa zizi. Katika mambo yote niliyomweleza, hilo peke yake ndilo nililoona limemwuma.

Nilimwambia mama Pasaka iliyofuata. Baba na bibi walikuwa wameshafariki. Alikuwa akichagua mchele, na aliendelea kuuchagua muda mrefu baada ya mimi kunyamaza. Nilingoja anilaumu. Aliuliza tu, "Ana wajukuu wangapi?" Nikamwambia sikuuliza. Akasema ningeuliza. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango.

Simlaumu bibi kama nilivyomlaumu zamani. Alisema alichorithi, na aliogopa kumpoteza mwanawe, kama nilivyoogopa mimi. Ninachokirudia peke yangu ni kitu kingine. Mwaka ule sote tulitilia mtu au kitu shaka: bibi alimshuku jirani, baba aliwashuku mchwa kisha jirani, mimi nilikishuku kivuli. Sote tulikosea, na tulisema au tulitenda. Mama Minza peke yake ndiye aliyepatia, naye alinitazama akaamua kunyamaza. Utoto wangu wote nililala bila kunyoshewa kidole, kwa sababu yeye alinyamaza.