Tarishi wa Mtunda Aliyetufundisha Kuondoka Polepole

Habari zilinifikia Ijumaa, tulipokuwa tunatoka msikitini. Mfanyabiashara mmoja wa korosho aliyetokea Mtunda aliniambia, katikati ya mazungumzo mengine, kwamba yule mzee aliyekuwa tarishi wakati wa vita vya Maji Maji amefariki, na wamekwisha kumzika. Alidhani nimekwisha kusikia. Nilikaa kwenye ngazi za msikiti nikiwa nimeshika viatu mkononi. Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii husema mengi kuhusu barabara, shule na mavuno ya mpunga, na machache kuhusu ujana wa mwandishi wake. Leo niruhusuni niseme habari za mtu huyo, kwani kuna jambo kati yangu na yeye ambalo sijapata kuliandika.

Siku hizo habari zilisafiri kwa miguu ya watu. Wazee wa vijiji vyetu walikuwa na matarishi, vijana wa kupeleka maneno kijiji hadi kijiji, na marehemu ndiye aliyewafundisha. Tulimwita Fundi. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, mpole wa sauti, na magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, hivyo mwenyewe hakukimbia tena safari ndefu. Nilikwenda kwake Mtunda nikiwa na miaka ishirini, nimeoa karibuni, najiona nina mbio kuliko swala. Asubuhi ya kwanza tulikuwa wanne, tumefunga shuka viunoni, tunangoja atuambie tukimbilie wapi. Akatuambia tutembee mpaka kisimani na kurudi. Tukatembea. Akatuambia turudie, safari hii kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kidogo shambani, halafu kwa mbio nyepesi ambazo mtu anaweza kuzungumza huku anakimbia. Kisha tukashika ua wa nyumba kwa mkono mmoja, tukawa tunabembeza mguu mbele na nyuma, tunazungusha vifundo, tunainua magoti mpaka usawa wa kiuno. Wanawake waliokuwa wanateka maji walitua mitungi yao wakacheka, na mmoja akauliza kama tumegeuka majogoo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Kujinyoosha hasa alikuacha mpaka mwisho, tukirudi na jasho. Hakuruhusu mtu kufika na kuketi. Tulitembea kwanza mpaka pumzi ikatulia, ndipo tukashika nguzo ya baraza, mguu mmoja mbele umekunjwa, mwingine nyuma umenyooka na kisigino kimekaa chini, tukatulia hivyo kwa muda wa kusoma Alhamdu kimoyomoyo. Kisha mguu wa pili. Aliyejivutavuta kwa nguvu alimgusa begani na kumweleza kwamba akisikia mvuto inatosha, akisikia maumivu amekwisha kupita. Nilimwuliza ya nini mambo yote haya kwa kazi ya kukimbia tu.

"Mwanangu," alinijibu, "miguu yako imetoka kulala sasa hivi. Wewe mwenyewe ukiamshwa ghafla hujui hata mlango uko wapi."

Vita vilianza ng'ambo ya mto, kwenye milima ya Wamatumbi. Kwanza tulisikia habari za dawa ya maji, kwamba aliyeinywa risasi hazimdhuru. Baadaye tukawaona watu wenyewe wakivuka mto na watoto mgongoni, nao wakatuambia kwamba askari wa serikali wanachoma chakula kila wanakopita. Alfajiri moja, tumemaliza kusali, alifika mwanamke mmoja miongoni mwa hao waliokimbia. Alikuwa amejificha jirani na kambi ya askari, akawasikia wapagazi wao wakisema kwamba siku hiyo wanateremka Mbuchi. Mbuchi iko huko delta, mto unakomwagikia baharini, kwenye mikoko, na mpunga ulikuwa umejaa maghalani. Huko ndiko alikokuwa mke wangu, amekwenda kuwasaidia wazazi wake. Wazee wakanichagua mimi nipeleke habari. Nadhani walinichagua kwa sababu hiyo hiyo.

Fundi aliniambia nitembee kwanza mpaka kisimani. Sikusimama hata kumtazama.

"Fundi, leo si siku ya kutembea," nilisema, nikatoka mbio kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

Kulikuwa na baridi na umande mwingi. Nilipita mashamba ya mihogo, nikateremka bondeni, na kabla jua halijavuka miti nilisikia kitu kimenipiga kwenye kigimbi. Nilidhani ni jiwe, nikageuka kumtafuta aliyelirusha. Hakukuwa na mtu. Nilipokanyaga tena, mguu haukunibeba. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka, kisha nikaanza kutambaa kuelekea Mbuchi, kama kwamba ningefika.

Fundi alinikuta hapo. Hakutumwa na mtu. Alikuwa ameona nilivyoondoka, akaipasha miguu yake joto kama alivyotufundisha, kisha akanifuata. Hakunikaripia. Alikipapasa kigimbi changu, akafungua kilemba chake akanifunga nacho, akanionya nisithubutu kuunyoosha mguu ule hata ukinivuta vipi. Akanikatia fimbo, akaniagiza nirudi nikakae karibu na mkewe, ambaye alikuwa katika mwezi wake wa mwisho wa ujauzito.

"Mwambie nimekwenda Mbuchi," alisema. "Usimwambie kwa nini nimekwenda mimi."

Akaenda na magoti yale mabovu, kwa mbio zile zile nyepesi tulizochekewa. Nilimtazama mpaka majani yakamficha. Nililia, na sikulia kwa sababu ya mguu.

Alifika. Mke wangu alinisimulia kwamba aliingia kijijini kabla ya adhuhuri, akaeleza kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa hakupiga kelele watu walimwelewa upesi. Walipakia mpunga kwenye mitumbwi wakaisukuma ndani ya mikoko, wazee na watoto wakitangulia. Askari walipofika walichoma nyumba na maghala, na mengi ya maghala hayo yalikuwa matupu. Hakufa mtu. Katika njaa iliyofuata, mpunga ule uliofichwa ndio uliowavusha watu wa Mbuchi, pamoja na mke wangu.

Lakini njia ya kurudi ilikuwa imefungwa, na Fundi alikaa mikokoni zaidi ya mwezi. Katika siku hizo askari walipita Mtunda. Tulikimbilia porini, mimi nachechemea, mkewe ananiegemea nami namwegemea. Alijifungua huko, mvua inanyesha, mtoto wa kiume aliyeishi siku tatu. Mimi ndiye niliyechimba kaburi lake. Baba yake hakuwepo, na nilijua nani aliyesababisha asiwepo.

Miaka ilipita bila ya yeye wala mimi kuligusa jambo hilo. Nilikuwa nimekwisha kuajiriwa ofisini nilipopata ujasiri wa kwenda Mtunda kumwomba msamaha. Nilimkuta anachambua korosho. Nilisema yote, naye alisikiliza bila kuinua macho.

"Nilikusamehe pale pale njiani," alisema. "Lakini sitakudanganya. Ungenisikiliza asubuhi ile, ningekuwa nyumbani. Hilo nimeliwaza sana." Akachambua korosho mbili tatu. "Na ungechelewa kwa muda wa kunywa uji tu."

Kisha akamwita mkewe atuletee chakula. Mama yule alikuja, akaniuliza hali ya watoto wangu mmoja mmoja kwa majina yao.

Nayakumbuka haya kila nikialikwa kwenye mashindano ya shule zetu. Vijana huketi kivulini, kipenga kikilia huinuka na kufyatuka, na wawili watatu hurudi wameshika mapaja. Walimu husema hawana nafasi ya mazoezi ya kuanzia. Hata sisi watu wazima tumezoea kumsifu anayeondoka upesi, ofisini na nyumbani, na anayejiandaa tunamwona mzito, au hana uchungu na jambo. Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba nilikimbia vile kwa kumpenda mke wangu. Nimezeeka ndipo nikakubali kwamba nilikuwa naikimbia hofu yangu, nisibaki nayo hata kwa dakika chache za kutembea. Aliyeonyesha mapenzi kwa mke wangu siku ile ni Fundi, ambaye alikuwa hajapata hata kumwona.

Kwa hiyo wewe unayeanza kukimbia, tembea kwanza, uanze na mbio nyepesi, ubembeze miguu, na ukimaliza ujinyooshe taratibu. Atakayekucheka mwache acheke. Na wewe mwenye jambo zito mbele yako, lenye watu wanaokutegemea, usione haya kuchukua muda wa kujiandaa. Wanaotungoja hawatuoni tunavyoondoka. Watakachojua ni kama tulifika.